Masiko, pubeli, kadafi: watu waliojificha ndani ya maneno ya Goma

Nilifanya kazi miaka mitatu katika imprimeri (kiwanda cha kuchapa) ndogo ya Birere, hapa Goma, na kazi yangu kubwa ilikuwa masiko. Kwa asiyeijua, masiko ni meza ya chuma yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, na gurudumu la kubana karatasi zisicheze. Unapanga rimu, unaigonga pande zote hadi kingo zilingane, unakaza gurudumu, kisha unavuta mpini kwa uzito wa mwili wote. Karatasi mia tano zinakatika kwa mkupuo mmoja, na ukipitisha kidole kwenye ukingo unaona ni laini kama kipande cha sabuni.

Muda wote huo niliamini kuwa masiko ni Kiswahili. Lina ma- mbele, kama makasi. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi alikuwa akisema "siko" kwa mashine moja, na hakuna aliyemsahihisha. Siku moja akaja fundi kutoka Mwanza, akaizunguka ile mashine, akasema: "Kumbe mna gilotini nzuri hivi!" Tukatazamana. Kwetu gilotini ilikuwa ya kitabu cha historia, ile iliyomkata kichwa mfalme wa Ufaransa.

Mashine ilikuwa moja, na kila mmoja wetu alikuwa akitaja jina la Mfaransa bila kujua. Guillaume Massicot alizaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1870, na katika miaka ya 1840 ndiye aliyetengeneza mashine ya kukata karatasi iliyobaki na jina lake. Kifaransa huliandika massicot na kulitamka masiko, kwa hiyo lilipofika Kongo midomo yetu haikuhitaji kubadilisha kitu. Waingereza waliona kisu kinachoshuka, wakakumbuka kisu kingine, wakaiita kwa jina la Guillotin. Kwao ndiko yule fundi wa Mwanza alikolitoa neno lake.

Ila Massicot kweli alitengeneza mashine yake. Guillotin hakutengeneza kitu. Joseph-Ignace Guillotin alikuwa daktari na mjumbe katika bunge la mapinduzi. Mwaka 1789 aliomba kwamba, kama sheria ni lazima iue, basi iue watu wote kwa namna moja na bila kuwatesa, maana siku zile mtu wa ukoo mkubwa alikatwa kwa upanga na maskini akanyongwa. Yeye mwenyewe hakuipenda adhabu ya kifo. Aliyeandaa mpango wa mashine ni daktari mwingine, Antoine Louis, na aliyeiunda ni Mjerumani aitwaye Tobias Schmidt, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza vinanda. Ilitumika mara ya kwanza tarehe 25 Aprili 1792. Watu wa Paris kwanza waliiita Louisette, kutokana na jina la Louis. Jina hilo likafifia, la Guillotin likashika, naye akalibeba hadi alipokufa kitandani kwake mwaka 1814. Schmidt, ambaye mikono yake ndiyo iliyogusa mbao, hayumo katika neno lolote.

Mambo haya yalinirudia kichwani pale mtoto wa dada yangu, anayesoma Kiingereza kwenye chuo kimoja cha hapa mjini, alipokuja kuniomba msaada wa expozé, yaani mada ya kueleza mbele ya darasa. Alitakiwa aeleze msemo mmoja wa Kiingereza na asili yake. Alikuwa amechagua "the real McCoy", yaani kitu chenyewe hasa, kisicho cha kuiga, kama sisi tunavyosema "hii ni ya kweli-kweli, si ya kopi". Alikuwa ameshaandika ukurasa mzima: kwamba McCoy alikuwa injinia mweusi, mtoto wa watumwa waliotoroka, na kwamba msemo umetokana na mashine zake. Alikuwa ameipokea kwenye simu, katika kundi la WhatsApp, pamoja na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe.

Nikamwambia: "Kabla hatujafika Marekani, tutembee kwanza kidogo hapa nyumbani. Tuone jina la mtu linaingiaje ndani ya neno."

Pale mlangoni palikuwa na pubeli, ndoo ya taka ya plastiki iliyopasuka mdomo, tukaanza na hiyo. Eugène Poubelle alizaliwa Caen mwaka 1831. Alikuwa mtu wa sheria, akafundisha chuoni, kisha akawa prefe, yaani mkuu wa utawala, wa Seine, eneo la Paris. (Prefe wa serikali, si prefe wa shule kama tunavyolitumia neno hilo hapa Kongo.) Wakati huo watu wa Paris walimwaga taka barabarani usiku, zikasubiri gari la farasi asubuhi. Mwezi wa Novemba 1883 Poubelle alitoa amri: kila mwenye nyumba awawekee wapangaji vyombo vyenye mfuniko. Akataka viwe vitatu: kimoja cha vitu vinavyooza, kimoja cha karatasi na vitambaa, kimoja cha vioo, vyungu vilivyovunjika na maganda ya chaza. Mwaka 1883! Mimi naishi katika mji ambao chupa za plastiki, maganda ya ndizi na nguo kuukuu vinalala ndani ya mfuko mmoja, mvua ikinyesha mfereji unavipeleka Ziwa Kivu, na nikiisoma amri hiyo naona uchungu.

Wenye nyumba walilalamikia gharama. Waokotaji wa taka, waliokuwa wakiishi kwa kuchambua vitambaa na mifupa katika marundo yale, waliona mkate wao unafungiwa ndani ya sanduku. Mwaka 1884 magazeti yalikuwa tayari yakisema "sanduku za Poubelle", na haikuwa kwa kumsifu. Neno "sanduku" likadondoka njiani, herufi kubwa ikawa ndogo, na mtu akageuka ndoo. Hakubuni ndoo. Hakuna aliyebuni ndoo. Alitoa amri, watu wakakasirika, na hasira ile ndiyo iliyomwandika katika kamusi.

Nikamwuliza kijana: "Unaandikia nini?" Akainua mkono. "Biki." Kalamu yenyewe ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, lakini nenda papeteri (duka la vifaa vya kuandikia) yoyote ya Goma, sema "nipe biki", utapewa kalamu yoyote ile ya wino yenye ncha ya kubingirika. Biki ni Marcel Bich. Alizaliwa Turin mwaka 1914, na mwishoni mwa mwaka 1950 alianza kuuza Ufaransa kalamu ya bei ndogo yenye mwili wa pembe sita unaoonyesha wino. Aliiondoa h ya jina lake kwa kuogopa Waingereza wangelitamka vibaya.

Aliyeifanya kalamu hiyo iandike vizuri ni mwingine: László Bíró wa Hungaria, mwandishi wa habari, aliyeona kwamba wino wa magazeti hukauka upesi kuliko wa kalamu yake, akahangaika na ndugu yake György hadi wakapata hati ya uvumbuzi mwaka 1938. Walikuwa Wayahudi, Ulaya ikawa mahali pa kukimbia, na kazi yao ikakomaa Argentina. Waingereza wakabaki na jina lake; hadi leo wanasema "biro", na Wakenya wengi pia. Sisi tuliopitia mikono ya Wabelgiji tukabaki na jina la muuzaji. Nyuma ya wote wawili kuna Mmarekani, John Loud, aliyepata hati mwaka 1888 kwa kalamu ya kichwa cha mpira mdogo iliyoweza kuandika juu ya ngozi. Karatasi ilikuwa laini mno kwake. Hakuna duka duniani unapoweza kuingia ukasema "nipe laudi".

Kuhusu mafuta ya gari, jambo limekaa kinyume. Mtanzania anasema dizeli, na hapo Rudolf Diesel yupo mzima ndani ya neno. Huyu alibuni kweli: injini inayoibana hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Iliyofanikiwa kwanza ilikamilika Augsburg mwaka 1897. Lakini kadafi wa Goma ukimwambia dizeli atakuuliza mara mbili. Sisi tunasema mazutu. Wabelgiji ndio waliotuletea. Wao husema mazout, na neno lenyewe ni la Kirusi. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli huko Antwerp, Ubelgiji ileile, akielekea Uingereza, na asubuhi hakuonekana chumbani mwake. Kwa hiyo alipotea mara mbili upande huo wa bahari: mwili wake majini, na jina lake katika mafuta yanayochomwa Kongo.

Nimesema kadafi. Hapo nikamsimamisha kijana, kwa sababu neno hili tumeliona wenyewe likifanya kazi. Kadafi ni yule kijana anayeuza mafuta ya gari kando ya barabara, mwenye bidon (madumu) za njano, chupa za lita moja na kifaa cha kumiminia kilichokatwa kutoka chupa ya maji. Kila mtu mzima anajua jina limetoka wapi: Muammar Gaddafi wa Libya, nchi ya mafuta, aliyeshika madaraka mwaka 1969 na kuuawa Oktoba 2011. Hakuwahi kuuza mazutu Birere. Neno ni mfano tu: mwenye mafuta, basi kadafi. Lakini wadogo waliozaliwa baada ya 2011 wanalitumia kama wanavyotumia "fundi" au "motari" (dereva wa pikipiki). Nilimwuliza mmoja wao, mtoto wa jirani wa miaka kumi na miwili, kadafi ni nani. Akanijibu bila kusita: "Ni ule mzee wa kwanza aliuzisha esansi mu chupa." (Esansi ni petroli.)

Hakusema uongo. Alikuwa na neno, alikuwa na kazi anayoiona kila siku, na kati ya hivyo viwili palikuwa na shimo. Akalijaza kwa mtu. Ndivyo wavumbuzi wengi wa uongo wanavyozaliwa. Siwacheki wanaofanya hivyo, maana akili ya binadamu inapenda kila kitu kiwe na baba.

Wakati mwingine hata hakuna mtu wa kuanzia. Niliwahi kumsikia dereva akieleza kwa uhakika kwamba klaksoni, honi ya gari, ni jina la Mwingereza. Hapakuwa na Bwana Klaxon. Lilikuwa jina la biashara lililoundwa Marekani mwaka 1908 na Franklyn Hallett Lovell kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga kelele kali, na honi yenyewe ilibuniwa na Miller Reese Hutchison.

Sasa tukaenda kwa McCoy.

Kwanza nilimwomba kijana aweke pembeni msemo, amtazame mtu. Elijah McCoy alizaliwa Ontario, Canada, katika miaka ya 1840, kwa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Walimpeleka angali kijana Edinburgh, Scotland, akajifunza uinjinia wa mitambo. Alirudi akiwa na ujuzi wake, akaishi Michigan, akaomba kazi kwenye kampuni ya reli. Wakampa koleo. Kazi aliyopewa injinia huyo, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, ilikuwa kulisha moto wa treni na kupaka vyuma mafuta.

Kupaka mafuta ndiko kulikomfungulia njia. Injini za mvuke zilisaga vyuma vyake vyenyewe. Kila baada ya muda treni ilisimama, mtu akashuka na kopo kuzunguka akitia mafuta sehemu moja baada ya nyingine, kisha safari ikaendelea. McCoy alitengeneza kikombe kinachodondosha mafuta ndani ya mtambo chenyewe, wakati unafanya kazi. Hati yake ya kwanza ni ya mwaka 1872. Hakuacha: alipokufa mwaka 1929 alikuwa na hati 57, nyingi zikihusu ulainishaji wa mitambo.

Hadithi inaendelea kusema: watu wengine waliiga kikombe chake, vya kuiga vikawa vibaya, na wanunuzi wakawa wanauliza kama ni cha McCoy halisi. Ni hadithi nzuri. Inafanana na maisha. Mwenye garaji yeyote wa Goma anajua jinsi fundi anavyoigeuza-geuza pisi (kipuri) mkononi akiuliza kama ni orijino au ya kuiga.

Shida ni tarehe. Huko Scotland, msemo huu unapatikana katika maandishi ya mwaka 1856, ukiwa na jina Mackay, na unasifu kinywaji. Mwaka 1870 kampuni ya whisky ya Mackay ya Edinburgh ilikuwa inautumia kutangaza pombe yake. Nikampa kijana kalamu, nikamwambia apige hesabu. Mwaka 1856 Elijah alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Mwaka 1870 hakuwa na hati hata moja. Matamshi ya Mackay kwa Kiskoti yanakaribia sana McCoy, na msemo ulipovuka bahari haukuhitaji kusukumwa sana ubadilike. Marekani ulikuta akina McCoy wengi, mmoja wao bondia mashuhuri aliyejiita Kid McCoy, na yeye pia amepewa hadithi yake ya kuuanzisha.

Na Elijah aliingizwa lini? Desemba 1966, miaka 37 baada ya kifo chake, jarida la Ebony lilichapa tangazo lenye picha yake na maelezo kwamba msemo umetokana naye. Lilikuwa tangazo la whisky. Msemo uliotoka kwenye chupa ya Scotland ukaja kubandikwa kwa injinia wa reli kupitia chupa nyingine.

Kijana alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo bado linaniuma: "Mjomba, sasa hata ile kidogo alibakia nayo, tunamunyang'anya?"

Nilimwelewa. Mtu aliyepewa koleo badala ya ofisi, unapata angalau neno moja la lugha kubwa ya dunia lenye jina lake, halafu anakuja mjomba na tarehe zake. Lakini nilimjibu ninavyoamini: hizo hati 57 ndizo zake. Zina namba, zina michoro, zina saini. Msemo ni nguo ya kuazima, na mwenye nguo akija kuidai katikati ya karamu, anayeaibika ni yule uliyemvisha. Akisimama mbele ya darasa na kusema "msemo umetoka kwa McCoy", mwenzake mmoja mwenye simu atatafuta 1856, na wote watatoka pale wakidhani kwamba hata kikombe cha mafuta kilikuwa uongo. Aanze na kikombe. Aeleze treni iliyokuwa ikisimama-simama na ikaacha kusimama.

Aliandika upya. Ila aliniwekea sharti: kwa kuwa nimemtembeza Paris na Michigan, na mimi nimtafutie mvumbuzi mmoja wa hapa. Jumamosi iliyofuata tukapanda moto (pikipiki) hadi kijiji cha Kibumba, kwa mzee anayechonga chukudu.

Goma nzima inabebwa na chukudu. Makabeji, viazi, magunia ya makala (mkaa), mbao za nyumba zilizojengwa upya juu ya lava ya 2002, vyote vimeshuka na vinashuka juu ya gari hilo la miti lenye magurudumu mawili, lisilo na injini, linalobeba mamia ya kilo. Mjini tumelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Sanamu inaonyesha chukudu na mtu wake anayesukuma. Ni msukumaji yeyote. Jina la aliyebuni halipo, kwa sababu halipo popote. Wenye kulisukuma wanasema hata neno chukudu ni mlio wake tu, magurudumu yanapogonga mawe: chuku-du, chuku-du.

Mzee alikuwa akichonga gurudumu kutoka gogo la mkaratusi, shoka dogo likitoa vipande vyembamba vilivyojikunja. Tulimwuliza nani alimfundisha. "Baba." Na baba? "Aliona kwa mwenzake." Na mwenzake? Alicheka, akapuliza vumbi la mbao. Nikaona mlango umefungwa.

Kijana ndiye aliyeufungua. Alimwomba mzee ataje sehemu za chukudu moja baada ya nyingine, akawa anaandika. Mti wa kushikia mbele: gidoni. Kipande cha tairi kinachokanyagwa nyuma ili lipunguze mwendo: freni. Ukanda wa mpira uliopigiliwa misumari kuzunguka gurudumu: pine. Mzee alitaja sita au saba, na nilipotazama daftari niliona kwamba hayo matatu ni maneno ya baiskeli, ya Kifaransa, yaliyokaa juu ya kitu ambacho hakina hata mnyororo. Mtu wa kwanza aliyekichonga alikuwa amewahi kuitazama baiskeli kwa makini. Labda hakuweza kuinunua. Mkononi alikuwa na shoka, mbele yake mlima wa Kibumba, na mzigo uliotakiwa kufika sokoni.

Kijana alimwomba mzee jina lake kamili, la baba yake, na mwaka alioanza kuchonga. Mzee akaweka shoka chini, akayataja polepole, herufi kwa herufi, akisubiri kila moja iandikwe.